Bluetooth inajiwasha kila ukifungua laptopu (Linux Mint)

Ndugu yetu wa Wete, umeuliza kwa nini unaizima Bluetooth usiku, na asubuhi ukiwasha mashine unaikuta inawaka, nawe hutaki iwake ukiwa ndani ya boti ya Unguja na watu tele. Programu zinazoishika swichi hiyo ni zaidi ya moja. Ukiizuia hii, nyengine inaiwasha.

Anza na BlueZ, programu ya ndani inayoendesha Bluetooth kwenye Linux. Kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) andika `sudo nano /etc/bluetooth/main.conf`, shuka mpaka sehemu ya Policy, utaona `#AutoEnable=true`. Ifanye `AutoEnable=false`, na ile alama ya # uifute. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanageuza true kuwa false, alama wanaiacha, na mstari wenye alama hiyo hausomwi. Tangu toleo la 5.65, usipoandika kitu BlueZ inachukulia ni true.

Kisha Blueman, ile ikoni ya pembeni mwa saa. Nayo ina amri yake:

`gsettings set org.blueman.plugins.powermanager auto-power-on false`

Usitie sudo hapa. Mpangilio huu ni wa mtumiaji, na kwa sudo utakuwa umebadilisha wa root (msimamizi mkuu wa mashine), wako umebaki vile vile.

Kama umeweka TLP kwa ajili ya betri, fungua `/etc/tlp.conf` uandike `DEVICES_TO_DISABLE_ON_STARTUP="bluetooth"`.

Wapo watakaokwambia `sudo systemctl disable bluetooth`. Inazima kweli, lakini mimi siipendi: siku ukitaka kupokea picha kutoka kwenye simu, Blueman haitafanya kitu mpaka uanzishe huduma kwa mkono, `sudo systemctl start bluetooth`. Kwa njia za juu, kubonyeza ikoni kunatosha.

Tahadhari kubwa kwa kompyuta za skuli na ofisi: kama kibodi yenyewe ni ya Bluetooth, usiguse chochote kabla hujachomeka ya USB. Mashine itafika pale pa nywila na hutaweza kuandika hata herufi moja.

Ukimaliza, zima kabisa uwashe upya. Kufunika kifuniko ni kuilaza tu, hakukuonyeshi kitu. Kisha andika `bluetoothctl show` utafute `Powered: no`. Ukiona bado yes, tuwekee hapa majibu ya `rfkill list`.