Mama anameza dawa ya presha kichwa kikiuma tu

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Mama yangu ana miaka 61 na ana presha. Bahasha ya dawa imeandikwa 1x1, lakini anameza siku kichwa kikimuuma tu. Nikimweleza ananiuliza, "Umekuwa daktari lini?" Nifanyeje?
Msomaji, Tandika, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. 1x1 ni kidonge kimoja, mara moja kwa siku, kila siku, hata akijisikia mzima. Presha hupanda bila kichwa kuuma kabisa, na kiharusi hakipigi hodi. Mama amezoea dawa ya malaria: unaumwa, unameza, unapona, basi. Huenda hakuna aliyemwambia kwamba hii ni tofauti.

Mimi simwiti mkaidi. Dirishani pana foleni, mtoa dawa anaongea haraka, karatasi ya ndani ni ya Kiingereza, na mtu mzima anaona haya kuuliza mara ya pili mbele ya vijana. Halafu anayemfundisha ni mtoto aliyemzaa!

Msindikize kliniki. Mwombe muuguzi amweleze, kisha mama arudie kwa maneno yake mwenyewe jinsi atakavyomeza. Aseme ukweli kwamba alikuwa anaruka siku, maana asiposema wanaweza kumwongezea dozi bure. Asimeze viwili kufidia siku zilizopita.

Na muulize faraghani kama hela ya dawa inamtosha. Wengi wanaoruka vidonge wanabana matumizi, na hawasemi.