Shimo jeusi halitoi mwanga, sasa infraredi inaona nini?

Mkuu umeuliza kama shimo jeusi halitoi mwanga hao wanaolitafuta kwa infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho) wanaona nini, na wanajuaje kwamba lile joto sio la nyota changa tu za hiyo galaksi. Hilo la pili ndo lilinisumbua sana kwenye utafiti wangu wa masters, nilitumia data za WISE, darubini ya NASA iliyopiga picha anga kwa infraredi, ambazo ziko bure mtandaoni.

Kinachoonekana ni vumbi linalolizunguka. Gesi inayoangukia kule inapata moto wa ajabu, inatoa urujuanimno na eksirei, vumbi linameza mwanga huo linapashika mpaka lile la karibu zaidi linafika kama kelvini 1500, likizidi hapo linageuka gesi, na moto wote huo linautoa kwa infraredi. Yani jiko la mkaa lililofunikwa majivu, machoni limezima ila weka mkono uone. Chukua galaksi NGC 1068, ndo Messier 77, mwaka 1985 wanaastronomia Antonucci na Miller walichambua mwanga wake uliopolaraizika (mawimbi yake yanatikisika upande mmoja) wakakuta dalili za kiini kilichojificha, kiini ndo lile shimo jeusi na gesi ya moto inayoliangukia, halafu 2022 chombo cha MATISSE kule Paranal, Chile, kinachounganisha darubini nne, kikaonyesha vumbi zito limekaa katikati limekiziba kweli.

Sasa kutenganisha kiini na nyota. WISE ilirushwa Desemba 2009, ilikuwa inapima mwanga wa urefu wa wimbi wa mikroni 3.4, 4.6, 12 na 22 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Mwanga wa nyota za kawaida unashuka ukitoka 3.4 kwenda 4.6 ila vumbi la moto wa kiini linapanda, kwaiyo watu wanachukua tofauti ya magnitudi (kipimo cha mng'ao) za mikanda hiyo miwili, ikifika 0.8 au zaidi galaksi inaingia kwenye orodha ya washukiwa. Kwa viini vikali inafanya kazi vizuri sana. Shida ni kwamba kiini dhaifu ndani ya galaksi kubwa mwanga wake unamezwa na wa nyota kinakupita hivihivi, na galaksi kibete zinazozaa nyota kwa kasi zinaweza kupasha vumbi mpaka zikavuka huo mstari bila kiini chochote, hizo kibete ndo nilikuwa nakesha nazo maana kioo cha WISE kilikuwa sentimita 40 tu, kiini na galaksi yake vinakuja doa moja.

Hapo mi naamini spektra tu, yani mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi. Tafuta neoni iliyopoteza elektroni nne, mstari wake uko mikroni 14.3, kuifikisha hapo kunahitaji fotoni (chembe za mwanga) zenye nishati ya elektronivolti (eV) 97 na nyota za kawaida haziwezi kutoa za kutosha, ukiuona mstari huo umeng'aa una ushahidi mzito. Kwenye mikroni 7.7 na 11.3 kuna mikanda ya molekuli za kaboni ambayo inakuwa mikali nyota zinapozaliwa. Darubini ya anga ya Spitzer ilifanya kazi kubwa sana kwenye haya, na sa hivi JWST, darubini ya anga ya James Webb, yenye kioo cha mita 6.5 inakupa spektra ya kiini peke yake na ya galaksi inayokizunguka peke yake, kwa galaksi za karibu.

Kama unataka kuanza ingia IRSA, hazina ya data za infraredi mtandaoni, pakua jedwali la eneo dogo tu la anga, chora hizo rangi, halafu kila mshukiwa mfungulie na picha ya mwanga wa kawaida kabla hujamwamini.