Kuishi jumuiya ya Camphill Ujerumani: jibu kwa mdogo wetu anayejiandaa kuondoka

Mdogo wangu, hongera kwa kupata nafasi. Umesema unakwenda mwaka mmoja wa kujitolea kwenye jumuiya ya Camphill kusini mwa Ujerumani, utakaa nyumba moja na watu wenye ulemavu wa akili pamoja na wahudumu wengine, na kwamba kazi huiogopi, unaogopa watu. Umeuliza utaishije na watu usiowajua, chini ya paa moja na meza moja, bila kugombana na bila kujipoteza. Wengi waliokujibu wamegusia viza na makoti ya baridi. Mimi nijibu ulichouliza, kwa kuwa nilianza kama wewe na nikakaa maisha hayo miaka kadhaa.

Kwanza ujue unaingia wapi. Camphill ilianzishwa na Karl König, daktari wa watoto kutoka Vienna aliyewakimbia Wanazi, akafika Uskoti na kundi la vijana wenzake. Mwaka 1940 walihamia kwenye nyumba yenye jina hilo karibu na Aberdeen, wakaishi na watoto wenye ulemavu kama watu wa kaya moja. Leo jumuiya hizo zimepita 100, katika nchi zaidi ya 20. Siku hizi Ujerumani wafanyakazi wengi wana mishahara na zamu kama kazi nyingine, lakini ile meza ya pamoja ipo. Kwa hiyo utakayemsaidia kuoga asubuhi ndiye utakayekula naye jioni, na akikukasirikia mtakutana tena kwenye ngazi.

Ninalotaka ulishike ni hili: jambo dogo liseme likiwa bado dogo, na umwambie mhusika mwenyewe.

Sisi tumelelewa kupitisha maneno. Ukikwazwa na wifi unamweleza shangazi, naye anajua lini na wapi pa kulifikisha. Ni njia ya heshima na inafanya kazi, kwa sababu shangazi yupo. Kule hayupo. Ukinuna, mwenzako Mjerumani atadhani umechoka, atakuacha upumzike. Ukipiga fumbo halitamfikia. Utabaki na dukuduku lako miezi, halafu siku moja mnagombania sufuria isiyooshwa, na hakuna atakayeelewa kwamba ugomvi haukuanzia kwenye sufuria.

Baadhi ya jumuiya huko zinafundisha njia ya mazungumzo ya Marshall Rosenberg, mwanasaikolojia wa Marekani. Ina hatua nne: ulichokiona, ulivyojisikia, unachohitaji, unachoomba. Ijaribu kwa Kiswahili kwanza, peke yako chumbani, kabla hujaipeleka kwenye Kijerumani. Kwa mfano: "Jumamosi na Jumapili zote nimepangiwa zamu ya mchana. Nimeanza kujisikia mpweke, maana wenzangu wanatoka saa hizo hizo. Nahitaji muda wa kuwa na watu nje ya kazi. Naomba wiki ijayo tubadilishane Jumapili, inawezekana?" Humo hamna "kila siku mimi tu", wala "nyie mnanionea". Hatua ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu tunazoea kuanza na hukumu tukidhani tunaeleza tulichokiona. "Hunijali" ni hukumu. "Jana nilikusalimu hukuitika" ndicho ulichokiona. Na ombi liwe ombi kweli, yaani mtu aweze kukataa. Nimewakuta watu waliokariri hatua zote nne wakazitumia kumbana mwenzao mpaka akose pa kutokea, na hao ni wagumu kuishi nao kuliko wanaofoka.

Kuna kikao cha nyumba, mara nyingi kila wiki. Kwetu kijana akinyamaza mbele ya wakubwa ni adabu. Kule ukinyamaza wanaandika kwamba umekubali, na ratiba inapangwa hivyo. Andika hoja yako kwenye karatasi kabla ya kuingia, hata sentensi mbili zinatosha. Lugha ikikwama sema, "Naomba dakika moja, natafuta maneno," na watasubiri. Ukiona wawili watatu ndio wanaoongea tu, omba mzunguko: kila mtu aseme kwa zamu yake bila kukatizwa, pamoja na wale wanaozungumza kwa shida. Mwishoni omba yaliyoamuliwa yasomwe.

Sasa nikueleze kuhusu walionifundisha zaidi. Katika nyumba niliyokaa alikuwepo mzee mmoja asiyezungumza isipokuwa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuandaa meza ya jioni. Aliweka sahani, akazunguka meza, akanyoosha uma uwe sambamba na kisu, ndipo akaenda kuchukua sahani nyingine. Mtu mgeni alitamani kumsaidia ili mambo yaende. Wenyeji walikaa wakamsubiri. Kila sahani aliyoiweka alijua ni ya nani.

Jioni moja binti mmoja wa kujitolea alibaki chumbani kwa sababu alikuwa amekwaruzana na kiongozi wa nyumba. Sisi wote tulikuwa tunajua, na wote tulijifanya hatujui. Yule mzee alisimama na sahani ya binti mkononi, hakuiweka mezani wala hakuirudisha kabatini, na hakukubali tushikane mikono kuanza chakula. Supu ikapoa. Mwishowe kiongozi mwenyewe akainuka, akapanda ngazi kwenda kumwita. Walirudi wote wawili. Baada ya kuosha vyombo walikaa jikoni wakaongea mpaka usiku.

Kuishi na watu kama yeye kutakufundisha kusema jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sentensi fupi, kisha kungoja jibu mpaka lije. Utashangaa jinsi hilo linavyowafaa na wale wasio na ulemavu wowote.

Kuna pia kikao cha kumzungumzia mkazi mmoja tu. Wanaoishi naye wanaeleza kwanza anavyotembea, anavyoshika kijiko, kinachomchekesha, anavyolala. Maoni yanakuja baadaye. Mimi nimechukua desturi hiyo kwa watu ninaoshindwa kuelewana nao. Naandika ninachokiona kwa mtu huyo, mambo yake ya kawaida tu, kabla sijasema ana tabia gani. Mara nyingi nikimaliza kuandika hasira imepungua.

Usidhani kuchagua kuishi pamoja ni jambo la ugenini. Litowa, kule Songea, watu walianzisha kijiji chao kwa hiari mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakalima pamoja na kuamua mambo yao kwenye mikutano. Chama chao cha maendeleo cha Ruvuma kilivunjwa mwaka 1969, na baadaye watu wakahamishiwa vijijini kwa nguvu. Jumuiya inayotokana na hiari inahitaji mazungumzo ya kila mara, kwa sababu kila mtu anaweza kuondoka.

Mambo ya dini yaseme mapema. Camphill ina misingi ya Kikristo na mafundisho ya Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, na kuna nyimbo na sikukuu nyingi. Kama wewe ni Muislamu, sema kuhusu nguruwe na Ramadhani wiki ya kwanza, usisubiri siku chakula kimeshapakuliwa.

Na nyumbani pia waambie ukweli kabla hujapanda ndege: unapewa malazi, chakula, bima na posho ndogo, mshahara hakuna. Vijana wengi niliowaona wakinyong'onyea kule, kilichowachosha zaidi ni simu za usiku za kuombwa ada na mtaji na watu wanaoamini wanalipwa euro nyingi.

Kabla ya kusaini, iandikie jumuiya uulize: mlezi wangu ni nani, na tutakutana mara ngapi? Nikikwaruzana na mlezi huyo huyo naenda kwa nani? Siku zangu za mapumziko zinapangwaje? Kama una umri chini ya miaka 27 una haki ya siku 25 za semina katika mwaka huo, nazo ziulize. Wakijibu kwa majina na tarehe, ni dalili njema. Wakijibu kwamba "sisi ni familia, tutaona", uliza tena. Majibu yao yaweke hapa kwenye uzi, tutayasoma pamoja.