Pampu ya bia inakoroma: ninunue kubwa zaidi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mtu wa Rombo, kazi imenileta Tanga na sasa naishi Chumbageni. Kwetu tumekulia kwenye mbege, ila mimi nimependa kupika bia ya shayiri. Nimejitengenezea mtambo wa lita 40: sufuria tatu za chuma cha pua zenye koki chini, jiko la gesi, na pampu ndogo ya sumaku ya kuhamishia maji ya kimea. Pampu nimeifunga kwenye ubao, usawa mmoja na koki. Wakati wa kuloweka kimea inakwenda vizuri. Nikishachemsha na kutaka kuhamisha, inakoroma kana kwamba imemeza kokoto, kisha mtiririko unakatika. Muuzaji ananishauri nichukue pampu yenye nguvu mara mbili. Halafu bia yenyewe inanuka dawa ya hospitali, na vyombo naviosha vizuri tu kwa jiki. Ndugu zangu wanakuja Desemba, nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela ya pampu kubwa usiitoe. Pampu yako ni nzima, ila umeiweka mahali pabaya.

Maji yanayochemka yapo ukingoni mwa kugeuka mvuke. Pampu inapoyavuta, shinikizo kwenye mdomo wa kuvutia linashuka, na hapo hapo yanatoa mapovu ya mvuke. Mapovu hayo yakifika ndani, kwenye impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji, yanapasuka kwa kishindo. Hizo ndizo kokoto unazozisikia. Ndiyo maana kwenye nyuzi 66 za kuloweka kimea husikii kitu, na kwenye nyuzi 100 mambo yanaharibika. Pampu kubwa ingevuta kwa pupa zaidi, shinikizo lingeshuka zaidi, na kelele ingeongezeka. Muuzaji amekushauri kwa faida ya duka lake.

Ishushe pampu. Iwe chini ya koki ya sufuria kwa nusu mita au zaidi, ili uzito wa maji yenyewe uyasukume kuingia. Mpira wa kuingilia uwe mfupi, mpana, usio na kona. Nusu inchi kwa ndani ndiyo kima cha chini. Pampu za sumaku hazijui kunyonya hewa, kwa hiyo zinataka kujazwa kabla ya kuwashwa. Geuza kichwa chake mdomo wa kutolea utazame juu, fungua koki zote, subiri hadi uone maji yamepanda kwenye mpira wa kutokea na mapovu yamekwisha, ndipo uwashe.

Hili lifuatalo nakuomba ulishike kuliko yote: ukitaka kupunguza kasi, punguza upande wa kutokea. Koki ya kuingilia iache wazi kabisa. Nimefungua pampu nyingi zilizokufa kwa mtu kubana upande wa kuvutia. Ukitoa parafujo za kichwa unakuta mhimili umeungua na impela imelika pembeni. Maji yanayopita ndiyo yanayoupoza na kuulainisha mhimili huo, hakuna mafuta mle ndani. Ikikauka, haichukui muda.

Ukizima gesi, koroga kwa mzunguko, kisha acha robo saa kabla ya kuhamisha. Machicha ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, yatakusanyika katikati, mbali na koki, na joto nalo litakuwa limeshuka kidogo. Wakati wa kuzungusha maji juu ya kimea, fungua koki ya kutokea kidogo tu. Ukiyazungusha kwa nguvu, kimea kinashindiliwa chini, maji hayapiti, na pampu inabaki kuvuta hewa.

Hujaniambia mipira yako ni ya aina gani. Tumia ya silikoni. Mpira wa kumwagilia bustani unatoa harufu ukipata moto, bomba jeupe la PVC linalegea, na bomba la chuma lenye zinki usilikaribishe kabisa, maana maji ya kimea yana uchachu na yanaila hiyo zinki. Na kwa kuwa pampu sasa itakuwa karibu na sakafu, inua mota juu ya tofali, hakikisha waya wa ethi umefika, na mwambie fundi umeme akufungie breka inayokata umeme unapovuja.

Harufu ya dawa inatoka kwenye klorini. Maji yetu ya bomba hapa Tanga yanatoka bwawa la Mabayani na yanatiwa dawa, kama inavyopasa. Klorini ikikutana na kimea inazaa harufu hiyo hiyo unayoilalamikia, hata ikiwa kidogo sana. Chota maji jana yake, yalale wazi kwenye ndoo, au yachemshe kwanza. Jiki nayo iache: inaongeza klorini, na inatoboa chuma cha pua vishimo vidogo usivyoviona. Ukimaliza kupika, zungusha maji ya moto yenye magadi soda, suuza, kisha fungua kichwa cha pampu. Mara nyingi utakuta utando wa kahawia umejibana nyuma ya impela. Uache hapo, na pika ijayo itachacha.

Kuhusu kupoza: Desemba maji ya bomba yanatoka vuguvugu, kwa hiyo koili ya shaba, bomba la kuzungusha linalozamishwa kwenye sufuria na kupitishwa maji baridi ndani yake, haiwezi kukufikisha chini ya joto la maji hayo. Poza kwa bomba mpaka kama nyuzi 35, kisha nunua barafu kule Deep Sea wanakohifadhia samaki, itie kwenye beseni la maji, na uyazungushe maji hayo kwenye koili kwa pampu ya kawaida ya kuzamisha. Barafu hiyo isiguse bia. Chachu nyingi za bia ya aina ya eli zinataka nyuzi 18 hadi 22, na chumba cha Chumbageni hakitakupa hizo bila friji au beseni la maji lenye chupa zilizogandishwa, zibadilishwe asubuhi na jioni. Ukiweza kuagiza, tafuta kveik, chachu ya mashambani ya Norwei. Hiyo inafanya kazi safi kwenye nyuzi 30 na zaidi, na kwa Tanga ya Desemba ningeanza nayo.