Injini ya nguvu kabisa inaweza kupita mwanga?

SWALI: Papa Mwalimu, jambo. Niko mwaka wa sita, hisabati na fizikia, hapa Lubumbashi. Mwanga unakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Tukiwa na injini ya nguvu kabisa, tukaongeza mwendo kidogo kidogo, kitu gani kitatuzuia kuupita? Tena mjomba wangu anasema mwaka 2011 Wazungu waliona chembe zilizopita mwanga, halafu wakaficha.

JIBU: Jambo mwanangu. La mjomba ni fupi, nilimalize kwanza. Ni kweli, Septemba 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba nyutrino, chembe ndogo mno, zilizotoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, zilifika Gran Sasso, Italia, kilomita 730 hivi, zikiwa zimeutangulia mwanga kwa sehemu 60 za bilioni za sekunde. Hawakuficha, waliwaomba wenzao wawatafutie kosa. Mwaka uliofuata likapatikana: waya mmoja wa nyuzi za kioo, uliobeba majira ya GPS, haukukazwa vizuri. Mafundi wa umeme wa hapa kwetu wanaujua sana ugonjwa huo.

Sasa injini. Unadhani kila msukumo unaongeza mwendo uleule. Kwa gari ni sawa. Lakini tangu Einstein aandike mwaka 1905, tunajua kwamba kadiri unavyoukaribia mwanga ndivyo kila hatua inavyodai nishati zaidi. Tupige hesabu ya nyumbani. Inga I na Inga II, mitambo yetu ya umeme wa Mto Kongo, zina uwezo wa megawati 1,775 hivi zikifanya kazi zote (hilo la “zote” tuliache). Umeme huo wote tuutumie kusukuma kilo moja tu, bila kupoteza hata kidogo. Kufika asilimia 90 ya mwendo wa mwanga kutachukua miaka miwili. Asilimia 99, karibu miaka kumi. Asilimia 99.9, miaka 34. Kilo moja, bila injini wala abiria! Na asilimia 100 inadai nishati isiyo na mwisho.

Hii haikubaki kwenye karatasi. Katika mashine kubwa ya CERN protoni huingia zikiwa na asilimia 99.9998 ya mwendo wa mwanga. Huongezewa nishati mara 15, na zinachopata ni kufika 99.999999 tu.

Njia ya pembeni ipo kwenye hesabu. Mwaka 1994 Miguel Alcubierre, mwanafizikia wa Meksiko, alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu anga lenyewe kujikunja mbele ya chombo na kutanuka nyuma yake, chombo kikitulia katikati. Hapo chombo hakipiti mwanga mahali kilipo. Shida ni kwamba inahitajika nishati hasi, yaani iliyo chini ya sifuri, kwa wingi wa kutisha, na maabara hazijawahi kuona ila kiasi kidogo mno cha kitu kinachofanana nayo. Halafu kuna fumbo baya zaidi: anayeweza kupita mwanga, kwa hesabu hizohizo, anaweza kutuma jibu likafika kabla ya swali. Mimi siweki pesa yangu hapo.

Lakini kufika mbali hakuhitaji kupita mwanga. Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, iko umbali wa miaka-nuru 4.24, yaani mwanga huchukua miaka 4.24 kufika huko. Ukienda kwa asilimia 99 ya mwendo wa mwanga, sisi tutahesabu miaka minne na miezi mitatu; wewe ndani ya chombo utahesabu kama miezi saba. Saa yako kweli imekwenda polepole. Ila tusijidanganye: Parker, chombo cha NASA kinachoshikilia rekodi ya mwendo, kilifikia kilomita 192 kwa sekunde, tena kwa kuvutwa na Jua. Kwa mwendo huo Proxima ni zaidi ya miaka 6,000.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, gawa 1 kwa kipeuo cha pili cha (1 − v²/c²); v ni mwendo wako, c ni mwendo wa mwanga, m ni kilo unazosukuma. Toa 1 kwenye jibu, zidisha kwa mc²: hiyo ndiyo nishati ya kusukuma. Halafu weka v kubwa kuliko c, uone mashine yako ya kuhesabu itakujibu nini.