Muulize Bi Maabara: Kijiko kimoja na nusu cha damu

SWALI: Assalaam alaykum Bi Maabara. Mama ana miaka 63, hedhi ilikatika zamani. Tangu Rajabu anatokwa na matone ya damu. Daktari hapa Wete anataka achukuliwe kinyama ndani ya mfuko wa uzazi. Mama hataki, aona haya. Kaka yangu aliye Uingereza asema siku hizi seli za saratani husakwa kwenye damu ya mkononi tu. Tungoje ampeleke?
Binti yake, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Msingoje. Kaka hakusema uongo, ila kaanzia mwisho.

Uvimbe huweza kumwaga seli zake kwenye damu. Tabibu Ashworth aliziandika huko Australia mwaka 1869. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu kipimo cha kuzisaka kwa wenye saratani ya matiti iliyokwisha sambaa. Hutolewa mililita 7.5 za damu, kijiko cha chai kimoja na nusu. Humo mna chembe nyekundu kiasi cha bilioni 30, na anayetafutwa pengine ni seli 5! Hutiwa chembechembe za chuma zilizopakwa kingamwili, yaani protini inayoshika kitu kimoja maalumu. Kingamwili hunata kwenye seli zenye alama ambayo chembe za damu hazina, kisha sumaku huzivuta. Mimi nilizeeka kwenye hadubini nikihesabu vimelea vya malaria kwa kila chembe nyeupe 200, nikalalamika macho. Kumbe ile ilikuwa karamu.

Sasa mama. Saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi, kama ndiyo, mara nyingi hujitangaza kwa damu ingali humo humo ndani. Damu ya mkononi huenda isiwe na seli hata moja, na nyingine hazina ile alama, sumaku huzikosa. Kwa saratani hii kipimo hicho bado kimo mikononi mwa watafiti. Akiambiwa "sifuri" atarudi nyumbani akifurahi bure. Na hata zikionekana, kinyama kitatakiwa vile vile.

Kinyama chenyewe huvutwa kwa kimrija cha plastiki, upana wa milimita 3 hivi. Ni dakika chache. Atabanwa tumbo kama siku za hedhi. Ombeni daktari mwanamke, nawe ukae kichwani pake. Mwambie pia kuwa wengi wanaotokwa na damu hivyo hukutwa hawana saratani. Kama ana sukari, au amewahi kunywa tamoxifen, dawa ya saratani ya matiti, daktari ajue.

Nauli ya ndege kaka aitume huku. Mkitakiwa kuvuka Unguja au Dar, boti haipandwi kwa salamu.