Unga ulionipokonya sehemu ya figo ya dada

Juzi mama mmoja kaniandikia. Mwanawe kapandikizwa figo miezi minne iliyopita, na kuna mtu anawauzia unga wa mitishamba "wenye antioksidanti za kulinda figo mpya", yaani viambato vya kuzima chembe haribifu mwilini. Je, ampe? Ujumbe ule niliusoma mara tatu, moyo ukinidunda. Unga wa namna hiyo mimi nimeunywa.

Figo niliyonayo ni ya dada yangu mkubwa. Miaka miwili ya kusafishwa damu sitaisimulia, mnaijua. Kabla ya upasuaji daktari alinieleza kwamba figo ikishakatiwa damu huoshwa kwa maji maalumu ya baridi, ikawekwa kwenye nyuzi 4 hivi, ili seli zitumie oksijeni kidogo. Lakini balaa lenyewe huja damu inaporudi. Oksijeni huzivamia seli zilizokaa na njaa, na hapo huzaliwa chembe haribifu zinazozichubua kuta za seli hizo. Maji ya kuhifadhia yaliyobuniwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, yametiwa glutathioni na alopurinoli kwa ajili ya kupambana na chembe hizo. Na muda ni kila kitu: figo ya marehemu huweza kukaa nje hata zaidi ya saa 20, na nyingi huchelewa kuamka. Ya dada haikumaliza saa moja. Ilitoa mkojo palepale mezani! Alipoambiwa, dada alilia.

Mwaka wa pili nikajiona najua kuliko kliniki. Jirani akaniletea unga wa "kutoa sumu". Nikanywa wiki tano, kimya kimya. Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo ikizorota, ikapanda kutoka 110 hadi 190, takrolimasi, dawa inayozuia mwili kuikataa figo, kwenye damu imeshuka, mwili umeanza kuikataa figo. Siku tisa wodini, steroidi kwenye mshipa. Kreatinini ilishuka, ikagota 140. Zile 30 zilizobaki zinaniuma hadi leo.

Kwa hiyo mama, usimpe. Kinga ya chembe haribifu ilishafanywa siku ile, kwa baridi na kwa haraka. Sasa hivi zinazalishwa na presha isiyodhibitiwa, sukari na sigara, basi pambaneni na hivyo. Takrolimasi anywe saa zilezile kila siku. Matunda ale, ila balungi hapana, linapandisha dawa hiyo kwenye damu hadi iiumize figo yenyewe. Na chochote cha chupa au pakiti, kiende kliniki kwanza kabla hakijaingia mdomoni. Ndugu zangu mliopandikizwa, msidanganywe na neno "asili". Hapa kwetu, tangu Muhimbili ianze kupandikiza Novemba 2017, figo tunapewa na ndugu walio hai. Kuna mtu anatembea na kovu kwa ajili yako. Huna haki ya kuifanyia majaribio figo yake.

Zile wiki tano nilimficha dada. Mwezi uliopita ndipo nilipomwambia. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akauliza, "Dawa za jioni umeshakunywa?"